Jambo Lililokushangaza Mahakamani

Hebblethorpe,
14 Septemba 2023

Kaka Neville,

“Sheria si somo la watoto. Ni maigizo yaliyopewa kitabu. Vyuo vikuu vya maana vinalicheka, na mtu mwenye akili timamu hahitaji cheti chake.”

Hayo ni maneno yako. Umeyaandika kwa mkono wako kwenye fomu ya Tamsin, mahali pa maoni ya mzazi, na fomu hiyo imepita kwa makatibu wawili na mkuu wa chuo kabla ya kunifikia mimi, shangazi yake na mwalimu wa somo lenyewe. Ndiyo maana leo salamu zimechelewa. Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, isipokuwa presha, na hiyo umeipandisha wewe.

Nimechagua barua kwa sababu simu zetu hufa katikati, na wa kukata ni wewe kila mara. Barua huwezi kuikata. Kwa hiyo kaa kitako.

Unasema vyuo vinacheka. Niliviandikia vyuo vikuu kumi na vinne. Kumi na vitatu vimejibu kwamba vinalipokea somo la sheria la kidato cha sita sawasawa na historia. Cha kumi na nne hakijajibu hadi leo. Pengine bado kinacheka. Halafu, nani amekuambia kwamba wanafunzi wangu wote wanataka uwakili? Mtu anafundishwa biolojia bila kutaka kuwa daktari, anafundishwa ili asiwe mgeni ndani ya mwili wake. Katika nchi hii mtoto wa miaka kumi anaweza kushtakiwa kwa jinai. Wa kumi na nane anaweza kuitwa awe mzee wa baraza katika kesi ya mauaji. Kushtakiwa anaanza akiwa na kumi, na kusoma anachoshtakiwa nacho asubiri apate shahada?

Na wewe, kaka. Miaka kumi na moja sasa unakaa kwenye kiti cha hakimu wa kujitolea, unahukumu watu, na siku zingine zote unauza mazulia. Hujasoma sheria hata kipindi kimoja. Mbele yako anakaa mshauri wa sheria wa kukunong’oneza. Silipingi hilo, nchi imekubali mahakimu wawe watu wa kawaida na nadhani ni jambo jema. Ila mtu wa namna hiyo anapata wapi ujasiri wa kumwambia binti yake kwamba sheria ni maigizo?

Tamsin abaki darasani kwangu. Kama huniamini, nipe siku uliyopangwa kukaa. Nitakuletea darasa zima. Tuone kama unajua unachokifanya.

Mdogo wako,
Denise


Hebblethorpe,
20 Septemba 2023

Mdogo wangu Denise,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile, mvua ikija linatangulia kunijulisha. Wewe punguza chumvi, na punguza maneno, presha itashuka yenyewe.

Barua yako nimeisoma dukani, katikati ya mteja wa zulia la ngazi na mteja wa zulia la choo. Umekuwa hivyo tangu utotoni: Mama akikukatalia biskuti unampelekea hoja saba. Sawa. Tamsin abaki, kwa sababu naye amenifanyia kama ulivyokuwa unamfanyia Mama, na mimi sina nguvu za vita viwili.

Lakini nakuambia, haki haimo kitabuni. Unamtazama mtu usoni na unajua. Nimewaona elfu. Mwongo ninamjua anavyoshika ukingo wa kizimba.

Umesema utaleta darasa. Lete. Jumatano, tarehe 8 Novemba, chumba namba mbili, mimi ndiye mwenyekiti wa jopo. Waje na kalamu. Wavae viatu vya maana, si vile vya kuchezea mpira. Wataona kazi inavyofanywa na watu wanaoijua.

Kaka yako,
Neville


Hebblethorpe,
9 Novemba 2023

Kaka Neville,

Salamu, na leo natanguliza heshima, jambo ambalo utalikata na kulitia kwenye fremu.

Jana ulikuwa mzuri. Nimesema. Wanafunzi ishirini na wawili kwenye viti vya umma, na hakuna aliyesinzia, hata Ashton ambaye kwangu husinzia hata akiwa amesimama. Ulizungumza polepole. Yule msichana, Shelley Catterall, alipoanza kulia ulimsubiri, ukaagiza aletewe maji. Wanafunzi walipotoka nje walikuwa wanabishana hadi kituo cha basi. “Mwalimu, kwa hiyo ni neno lake dhidi ya neno la mzee yule, basi?” Nikawaambia ndiyo, kesi nyingi ndogo ziko hivyo. Hakuna kamera, hakuna mpita njia, mwanamke wa miaka ishirini na minne na mzee mmoja wamegombana kwenye maegesho ya magari. Mzee anasema amepigwa kifuani na kioo cha pembeni cha gari lake kimevunjwa. Msichana anasema hakumgusa, na kioo alikikuta kimeharibika. Lazima mtu aamue nani wa kuaminiwa, na mkaamua.

Maneno yako wameyaandika wote: “Tumemwona Bwana Entwistle kuwa shahidi mkweli na mnyoofu.” Ashton anayaiga sauti na yote.

Moyo wangu uliumia kidogo wakili wake aliposema kwamba Shelley anatunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, na mtu mwenye hatia ya shambulio hawezi kuendelea na kazi hiyo. Lakini hilo si kosa lako. Mkiona amepiga, mseme amepiga.

Nimewapa ile karatasi yangu ya ziara, ile niliyoitoa nakala mpaka herufi zimefifia: nani alikaa, shtaka gani, nani alitoa ushahidi, na kisanduku cha mwisho, “Jambo lililokushangaza mahakamani.” Wanarudisha kesho.

Tamsin hakusema neno njia nzima. Nilimnunulia pai akaacha. Nadhani ni fahari, ameona baba yake kwenye kiti. Mkumbatie, hata kama hataki.

Mdogo wako,
Denise


Hebblethorpe,
13 Novemba 2023

Neville,

Salamu sina.

Nimesahihisha karatasi zote ishirini na mbili. Ishirini na moja zimejazwa upuuzi wa kawaida: viti ni vigumu, mahakimu hawavai mawigi, chooni hakuna sabuni. Hii hapa ya ishirini na mbili. Nainakili neno kwa neno, kwa sababu kila nikiisoma nadhani nimeisoma vibaya.

“Jambo lililonishangaza: Shahidi pekee alikuwa Roy Entwistle. Hucheza mchezo wa matufe klabuni na hakimu mwenyekiti kila Alhamisi. Jumapili, siku tatu kabla ya kesi, alikuwa uani kwetu kwenye moto wa Novemba, ile sherehe ya fataki ya kila mwaka, akala vipande vitatu vya keki ya tangawizi. Alisema, ‘Jumatano nina kile kisichana changu mahakamani, Nev.’ Hakimu akamjibu, ‘Funga mdomo, Roy, ule keki.’ Wakacheka. Aliposhuka kwenye kizimba cha shahidi alimkonyezea hakimu. Hakimu ni baba yangu. Somo la wiki ya nne linasema hakimu anayemjua shahidi lazima aseme na aondoke kwenye kesi. Hakusema.”

Mimi nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Huyo Roy sijawahi kumwona maishani, kwa kuwa tangu mazishi ya Mama sijaalikwa kwenye moto wako. Nilikuwa nimeshughulika kumkataza Ashton kutafuna ubani. Nilikuwa naona fahari.

Niambie si kweli. Niambie ni Roy mwingine.

Denise


Hebblethorpe,
20 Novemba 2023

Neville,

Siku saba. Postamani amepita kwangu kila asubuhi na matangazo ya miwani.

Leo nimepita dukani kwako. Kijana wako wa mauzo amesema uko bohari unapima zulia. Nimesimama pale dakika ishirini nikisikiliza mtu mzima akipima zulia moja. Hukutoka.

Msichana ana haki ya kukata rufaa, na muda wake ni siku kumi na tano za kazi. Hajui kwamba ana sababu ya kukata. Anadhani hakuaminiwa tu. Muda unakwisha Jumatano, tarehe 29.

Jibu.

Denise


Hebblethorpe,
22 Novemba 2023

Denise,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Mtu anafanya kazi miaka kumi na moja bila kulipwa hata nauli ya maana, anasikiliza walevi na wezi wa nyama, halafu mtoto wake mwenyewe anamwandika kwenye karatasi ya shule kama mhalifu. Unajua nyumba yangu ikoje sasa? Asubuhi nakuta kitabu chako kimefunguliwa juu ya sahani yangu, ukurasa ule ule, kimeegemezwa kwenye chupa ya maziwa. Binti yangu haniiti Baba. “Mheshimiwa anataka chai?” “Mheshimiwa amemaliza sukari.” Haya ndiyo unayowafundisha?

Ndiyo, ni Roy yule yule. Mji wetu ni mdogo. Ukimwondoa kila hakimu anayemjua mtu, utabaki na kiti kitupu na bendera. Kucheza naye matufe si kula njama naye. Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza yeyote, na wenzangu wawili wasiomjua walikubaliana nami. Unataka nini zaidi?

Na kwa kuwa unataka ukweli, chukua na huu. Nani aliniletea watoto ishirini na wawili na kalamu? Nani aliandika “tuone kama unajua unachokifanya”? Kabla hatujaingia, chumbani, mshauri wa sheria aliuliza, kama kawaida, kama kuna anayemjua yeyote kwenye orodha. Nilikuwa nimeshachungulia mlangoni. Niliwaona mmejipanga. Tamsin amechana nywele. Nikafikiria niinuke niseme namjua huyu, aitwe mtu mwingine akae mahali pangu, nami nipite mbele yenu nikiwa na koti mkononi kama mtu aliyefukuzwa. Nikanyamaza.

Kioo kimoja cha gari, Denise. Faini ndogo. Ichane hiyo karatasi. La sivyo Tamsin anaacha somo hilo Jumatatu, na mimi na wewe tumemalizana.

Neville


Hebblethorpe,
25 Novemba 2023

Kaka Neville,

Salamu. Nimekunywa dawa ya presha kabla ya kushika kalamu, ili yote nitakayoyaandika yawe ya akili na si ya mshipa.

Kwanza deni langu. Ni kweli, nilikuchokoza. Nilikuleta mbele ya watoto kama mtu anayeshindanisha majogoo, na hilo ni langu, nimelitazama usiku na mchana. Lakini nilikuchokoza uonyeshe kazi yako. Ungeinuka pale ukasema “namjua shahidi, siwezi kukaa,” ungewafundisha watoto wale kwa dakika moja kitu ambacho mimi hukifundisha wiki nzima na nusu yao hawashiki. Ungetoka na koti mkononi, nami ningewaambia: mtazameni huyu, ndiye kaka yangu. Kulikuwa na njia ya kupata fahari uliyoitaka. Ukachagua ile nyingine.

Unasema faini ndogo. Shelley Catterall amesimamishwa kazi tangu tarehe 10. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja hufanya kazi nyumba ile ile. Wazee wanamwulizia. Kuna bibi anakataa kulishwa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo faini yako ndogo.

Sasa sikiliza, maana jana nilidhani nimeshamaliza kushtuka.

Tamsin alikuja kwangu baada ya vipindi. Hakukaa. Alisimama na begi mgongoni akasema, “Shangazi, kuna kitu sikukiandika.”

“Kitu gani?”

“Kile kioo. Cha kushoto. Kilikuwa kimefungwa tepu tangu Agosti.”

Nikamwuliza kama ana hakika. Akaniangalia kama wewe unavyoniangalia. “Alikigonga kwenye nguzo ya geti letu, Shangazi. Geti letu bado lina rangi yake.”

“Mbona hukuandika?”

“Kwa sababu kisanduku ni kidogo,” akasema, halafu akalia, kaka, na huyu mtoto hakulia hata kwenye mazishi ya bibi yake.

Kioo cha kushoto ni cha upande wa abiria. Na abiria wa Roy Entwistle kila Alhamisi, kwenda klabu na kurudi, ni nani? Ulimsikia yule msichana akiapa kwamba alikikuta kimeharibika. Nakuuliza swali moja tu: ulipomsikia, ulijua?

Karatasi sitaichana. Wala sitamwacha mtoto wa miaka kumi na saba aende kwa wakili amshtaki baba yake. Ameniambia yuko tayari kwenda. Umenielewa? Yuko tayari, amepanga na basi la kupanda. Mimi nimemwomba anipe hadi Jumanne. Jumanne saa kumi jioni kama hujaenda, nitakwenda mimi, na karatasi, na barua zako zote.

Nenda wewe. Hii ni ya kwako.

Mdogo wako,
Denise


Hebblethorpe,
28 Novemba 2023, Jumanne

Mdogo wangu Denise,

Salamu. Mwili mzima. Goti limeniuma ngazi zote za mahakama, na leo nimepanda kupitia mlango wa mbele, ule wa watu.

Nimekwenda saa tatu asubuhi. Nimemweleza mshauri mkuu wa sheria, kisha nimeandika maelezo kurasa nne na kutia sahihi. Kabla ya saa sita wakili wa Shelley Catterall alikuwa nayo, na saa nane rufaa imepokelewa. Kesi itasikilizwa upya, mbele ya jaji, mwanzoni mwa Februari. Kiti changu nimekirudisha kabla hawajaniomba. Kuna uchunguzi, watanihoji, na ni haki yao. Nyumba ya wazee haijasema kama itamrudisha kazini. Nilitumaini ningekuandikia kwamba imemrudisha.

Uliniuliza kama nilijua. Nitakujibu, halafu usiniulize tena.

Mwendesha mashtaka alikuwa na picha ya kioo. Ililetwa mezani kwetu, sisi watatu, ninyi mlioko nyuma hamkuweza kuiona. Kioo kinaning’inia, na ukingoni mna mabaki ya tepu ya kahawia, pana, yenye mistari. Si tepu ya kawaida, Denise. Ni ile ya kushikia mazulia. Inauzwa na duka moja katika mji huu. Niliifunga mimi mwenyewe, mwezi wa Agosti, nimepiga magoti kwenye geti langu, Roy ameshika kioo akisema, “Kaza, Nev, kaza.”

Niliishika picha ile. Nikaitazama tepu yangu. Nikampa mwenzangu wa kulia.

Halafu nikasoma kwa sauti kwamba shahidi ni mkweli na mnyoofu, na nikasoma vizuri, kwa sababu binti yangu alikuwa anaandika.

Siku zote nilijisifu kwamba mwongo namjua anavyoshika ukingo wa kizimba. Jana nilijitazama mikono dukani, nimeshika ukingo wa kaunta.

Roy amekuja saa tisa, habari zimeshamfikia. Wateja wamo ndani. “Kwa kioo, Nev? Miaka ishirini, kwa kioo?” Nikamwambia si kioo. Akasema, “Basi ni kwa yule malaya mdogo?” Nikamwonyesha mlango. Ametoka akiwa ameacha matufe yake kwenye kabati langu. Sijui nitayarudisha vipi.

Tamsin nilimwambia asubuhi, kabla ya kuondoka. Alikuwa anapaka mkate. Hakuinua kichwa. Akauliza, “Umeandika na ya tepu?”

“Umejuaje ya tepu?”

“Ninaishi humu, Baba.”

Nikamwambia nimeandika. Akanisogezea siagi. Ndiyo maongezi yetu yote, lakini hesabu maneno yake uone lililorudi.

Ataendelea na somo lako. Ile fomu nimeiandika upya, mahali pa maoni ya mzazi. Utaisoma ikikufikia, baada ya makatibu wawili na mkuu wa chuo.

Sasa nisikilizeni, wewe na hao ishirini na wawili wako, na barua hii uwasomee darasani, usiruke mstari, hata wa picha. Tarehe 8 mlijaza viti mkaniangalia nikimhukumu msichana yule kwa kitu nilichojua hakukifanya. Mliandika kila neno langu. Ashton ameliiga. Februari, siku ya rufaa, mje tena nyote, mvae viatu vile vile, mkae mtakapoonekana. Asihukumiwe mbele ya viti vilivyojaa halafu asafishwe mbele ya viti vitupu. Mimi nitakuwa nyuma yenu, mstari wa mwisho, na asinisalimie mtu.

Mniletee karatasi moja tupu ya ziara. Na upanue kile kisanduku cha mwisho, Denise. Hakitoshi.

Kaka yako,
Neville